Ukiona vyaelea, vimeundwa: tangazo la kampeni na kura ya Amu

Katika uchaguzi wa mwaka wa 2022, kaunti yetu ya Lamu ndiyo iliyokuwa na wapiga kura wachache zaidi nchini: takribani 81,000 tu, kati ya zaidi ya milioni 22 walioandikishwa Kenya nzima. Mtu anaweza kudhani uchache huo ndio unaotufanya tusahaulike. Kwa hesabu za urais huenda ni kweli. Lakini kwa viti vya hapa nyumbani mambo ni kinyume. Kiti cha ugavana mwaka wa 2017 kiliamuliwa kwa tofauti ndogo mno ya kura kati ya Fahim Twaha na Issa Timamy. Na ukishuka hadi wadi, koo mbili tatu zikigeuza nia, matokeo nayo hugeuka.

Maana yake ni kwamba anayetaka kushinda Amu hana haja ya kuwashawishi maelfu kwa maelfu. Yamtosha kuwagusa watu mia chache, wa mtaa fulani, kwa neno fulani, katika wiki fulani. Kazi hiyo siku hizi ina mafundi wake, wenye zana na malipo. Sisi tunaoshawishiwa ndio tusiofunzwa chochote.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi la Matondoni halikuota majini. Kuna aliyechagua mti, aliyepanga mataruma na aliyetia kalafati. Tangazo la kampeni nalo ni chombo kilichoundwa. Leo nataka tulipandishe mchangani tulitazame mbao zake moja moja, kabla uchaguzi wa Agosti 2027 haujatufikia.

Zamani shairi lilijibiwa kwa shairi

Amu haikuanza kushawishiwa jana. Katika miaka ya 1970, Abubakar Madhubuti na Mzamil Omar Mzamil waliposhindania kiti cha ubunge cha Lamu Mashariki, kampeni ilipiganwa kwa mashairi. Ndiyo mashairi yanayojulikana hadi leo kwa jina la Kimondo. Yalitungwa, yakasomwa kwa sauti, yakarekodiwa kwenye kanda na kusikizwa majumbani na barazani. Mtaalamu Assibi Amidu aliyafanyia utafiti na kuyaandikia kitabu mwaka wa 1990.

Mashairi yale hayakuwa ya adabu tupu. Yalikuwa na mafumbo na vijembe vikali. Lakini yalikuwa na mambo mawili ambayo tangazo la leo halina. La kwanza, kila mtu alisikia maneno yale yale. Kanda iliyochezwa kwa mfuasi wa huyu ndiyo iliyochezwa kwa mfuasi wa yule. La pili, shambulio lilijibiwa hadharani, shairi kwa shairi, na mji ukawa hakimu. Yashike mambo hayo mawili, msomaji, maana nitayarejea.

Alama na neno fupi

Ubao wa kwanza wa chombo ni alama. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005, waliounga mkono rasimu ya katiba walipewa ndizi na walioipinga wakapewa chungwa. Wengi wetu hatukuwa tumeisoma ile rasimu, lakini matunda tuliyajua. Chungwa likashinda, na baadaye likawa chama cha ODM. Mwaka wa 2007 upande wa Rais Mwai Kibaki ulikuja na "Kazi iendelee". Mwaka wa 2022 UDA wakaja na wilbaro. Hapa Amu, ambapo mzigo hupita vichochoroni kwa punda au kwa mkokoteni, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: ni chombo cha mtu wa jasho.

Nguvu ya alama ni kwamba haina hoja ndani yake, na kisicho na hoja hakijibiki. Utabishana vipi na chungwa? Utaipinga vipi wilbaro?

Ubao wa pili ni kurudia. Mwaka wa 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi sentensi nyingi wazikadirie ukweli wake, katika vikao vitatu vilivyoachana kwa wiki mbili mbili. Baadhi ya sentensi zilirudiwa katika kila kikao. Zile zilizorudiwa zilizidi kuaminiwa, ziwe za kweli au za uongo, kwa sababu tu masikio yalikuwa yamezizoea. Basi ile boti yenye vipaza sauti inayozunguka kutoka Mokowe hadi Shela na wimbo mmoja tangu asubuhi haifanyi mchezo. Mwaka wa 2022 "Sipangwingwi" ya Exray ilikuwa upande mmoja na "Leo ni Leo" ya Emmanuel Musindi upande wa pili, na hata watoto wa madrasa waliziimba. Wimbo ukishaingia kichwani, jina la mgombea huingia nao bila kubisha hodi.

Sisi na wao

Ubao wa tatu ndio hatari zaidi kwetu. Tangazo hugawa watu mafungu mawili, kisha likakuambia wewe ni wa fungu gani. Kitaifa mwaka wa 2022 tuliambiwa kuna mahasla na kuna watoto wa wakubwa. Pwani mgawanyo una majina yake mengine: wenyeji na wabara, wenye mji na wakuja. Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya uchochezi, "wakuja" na "wabara waende kwao" yalikuwamo.

Sisemi kwamba hatuna malalamiko. Dhuluma za ardhi za Pwani ni za kweli, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliziandika katika ripoti yake ya mwaka wa 2013. Lakini tazama tangazo linavyofanya kazi. Huchukua dhuluma hiyo ya kweli, huiondoa kwenye meza ya serikali iliyogawa ardhi, na kuiweka mlangoni mwa jirani. Jirani hagawi ardhi wala hatoi hati miliki. Ukimchukia kwa miaka mitano, hati haitakuja.

Na bei yake tunaijua. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Al-Shabaab walidai kuhusika, lakini mara moja mjadala wa nchi ukageukia siasa za Lamu, kabila na ardhi. Jirani akamtazama jirani kwa jicho la shaka. Mgombea anayerusha neno "wakuja" ili apate kura 200 anacheza na kiberiti kwenye kibanda cha makuti.

Hofu iliyoundwa mbali

Mwaka wa 2017 mitandaoni kulienea video iliyoonyesha Kenya ya mwaka wa 2020 ikiwa imeharibika, ati kwa sababu Raila Odinga amechaguliwa rais. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilieleza kwamba kampeni hiyo ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Machi 2018 kituo cha Channel 4 cha Uingereza kikawarekodi kwa siri wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijisifu kwa kazi waliyofanya Kenya katika chaguzi za 2013 na 2017. Mmoja wao, Mark Turnbull, alisema wazi kwamba kampeni haishindwi kwa ukweli wa mambo, bali kwa hisia, na kwamba kazi yao ni kuchimba hofu na matumaini ya watu. Chama cha Jubilee kilikiri tu kuiajiri kampuni yenye uhusiano nayo kwa kazi ya kujitangaza.

Kwetu Amu, hofu haihitaji kuagizwa Texas. Tuna ya kutosha: usalama wa barabara ya kuelekea Garsen, maeneo ya uvuvi baada ya bandari mpya, mashamba yasiyo na hati. Fundi wa tangazo huja kuuliza tu mnaogopa nini, kisha akaitia hofu hiyo jina la mpinzani wake. Utalitambua tangazo la hofu kwa dalili mbili. Vitenzi vyake ni vya wakati ujao: mtafukuzwa, mtanyang'anywa, mtafungiwa bahari. Na halitaji aliyesema, wala hati iliyoandikwa, wala tarehe.

Ahadi isiyo ya kiti chake

Kinyume cha hofu ni matumaini, na hapa tunahitaji kuijua katiba kidogo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Usalama, polisi na kafyu ni vya serikali kuu. Hati miliki hutolewa na serikali kuu. Bandari ya Lamu, ambayo gati yake ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021, iko chini ya serikali kuu. Kaunti ina zahanati na hospitali zake, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko na maji.

Sasa chukua bango lolote la mgombea ugavana au udiwani ulipime kwa kipimo hicho. Akiahidi kugawa hati miliki, anaahidi mali ya mwingine. Anachoweza ni kushinikiza. Akiahidi ajira za bandari, muulize ataziandika kwa kalamu gani. Huenda hasemi uongo kamili, lakini anauza samaki ambao bado wako baharini.

Tukumbuke pia mambo makubwa yalivyopatikana. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya mradi wa bandari. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Kesi zote mbili zilianzishwa na wananchi wa hapa, kwa miaka ya kwenda na kurudi mahakamani. Fidia hiyo ya wavuvi imekuwa tamu sana midomoni mwa wanasiasa, lakini haikuletwa na bango wala wimbo wa kampeni.

Zawadi, kofia na umati

Kuna mbao nyingine ndogo zinazoshikilia chombo. Ya kwanza ni zawadi: leso, mfuko wa unga, mafuta ya boti. Sisi tumelelewa kulipa wema kwa wema, na fundi wa kampeni analijua hilo. Anakutia deni la aibu. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka wa 2016 inamtia hatiani mtoaji wa hongo na mpokeaji pia, na wengi wetu nusu hiyo ya pili hatukuwahi kuambiwa.

Ya pili ni heshima ya kuazima. Mgombea huvaa kanzu na kofia ya vito, akaketi safu ya mbele kwenye maulidi, akapigwa picha karibu na sheikh. Picha haisemi kwamba sheikh anamuunga mkono. Inakuachia wewe useme.

Ya tatu ni umati. Picha ya boti ishirini zenye bendera huambia moyo kwamba wenzako wote wamekwisha kuamua, umebaki wewe. Hesabu za kura za maoni nazo hutumika hivyo. Sheria ya mwaka wa 2012 inamtaka anayechapisha kura ya maoni ataje aliyeifadhili na idadi ya waliohojiwa, na inakataza kuichapisha katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Ukiletewa asilimia zisizo na maelezo hayo, hizo si kura za maoni. Ni tangazo.

Mnong'ono wa simu

Hila zote hizo ni za zamani. Lililobadilika ni mlango zinamopitia, na hapa ndipo narejea kwa yale mambo mawili ya Kimondo.

Wakati wa kampeni za 2022 nilikuwa nikiyahifadhi matangazo yaliyofika kwenye simu yangu. Jioni moja nilikaa na jamaa yangu anayeishi upande wa Mpeketoni tukalinganisha ya mgombea mmoja, ambaye sitamtaja. Sauti iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu hapa Amu iliahidi kwamba ardhi itarudi kwa wenyewe. Iliyotumwa kwenye kikundi chao iliahidi kwamba hakuna mwenye shamba atakayeguswa, na hati zitaharakishwa. Sauti ni moja, jina ni moja, ahadi ni mbili zisizoweza kukaa nyumba moja. Kila mmoja wetu alikuwa ameshaifurahia yake.

Katika enzi ya kanda, mtu huyo angeumbuka kabla ya Isha. Kwenye simu alipita salama, kwa sababu hakuna aliyesikia zote mbili. Na mtandao umerahisisha zaidi. Anayelipia tangazo kwenye Facebook anaweza kuchagua lionekane na watu wa eneo gani na wa umri gani. Namba zetu nazo hazina mlinzi: mwaka wa 2021 Wakenya wengi waligundua wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama bila kuulizwa, ingawa Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imepitishwa mwaka wa 2019. Kwa upande wa TikTok, utafiti wa Mozilla Foundation uliotolewa Juni 2022 ulikuta zaidi ya video 130 za uchochezi na upotoshaji kuhusu uchaguzi wa Kenya, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. Na sasa kuna programu za akili unde zinazoweza kuiga sauti ya mtu unayemjua. Mwaka wa 2027 usishangae ukimsikia mzee unayemheshimu akimpigia debe mtu ambaye hajawahi kumtaja.

Tulirudishe barazani

Dawa ninayoipendekeza haihitaji pesa wala shahada. Mnong'ono hupoteza nguvu ukisemwa kwa sauti. Tangazo la simuni tulichukue tulipeleke barazani, tulicheze mbele ya watu wa pande zote, kisha tuliulize maswali haya.

Nani amelilipia? Kwenye Facebook, matangazo ya kisiasa yanatakiwa kuonyesha aliyeyalipia, na kuna maktaba ya wazi ya matangazo ambapo kijana yeyote mwenye simu anaweza kutafuta jina la mgombea akaona yote aliyoyalipia, hata yale yasiyomfikia yeye.

Je, ni kazi ya kiti anachokitaka? Tutazame Jedwali la Nne.

Lini, na kwa fedha gani? Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano na bajeti ya kila mwaka. Ahadi isiyo na mahali katika vitabu hivyo ni shairi lisilo na vina.

Na swali la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: jirani yangu ameambiwa hivi hivi? Wa Faza ampigie simu wa Hindi. Wa Mkomani amuulize wa Witu. Mvuvi wa Kiunga na mkulima wa Hongwe walinganishe walichotumiwa. Kina mama mna vikundi vyenu vya akiba, na vijana mna timu zenu za mpira. Huko kuna watu wa kila ukoo na kila asili. Wiki moja kabla ya kura, toeni simu, chezeni sauti zote, moja baada ya nyingine, na wote msikize.

Mgombea mwenye neno moja kwa watu wote hatadhurika kwa jambo hili, bali atanufaika. Aliyegawa maneno tofauti mtaa kwa mtaa ndiye atakayekuwa na la kujibu, na atajibu mbele yetu sote, kama walivyojibiana wenye Kimondo.